Siku Nilipoteka Kombe la Vyuo

Barua niliyomwandikia Mkuu wa Wilaya ilikuwa na kurasa tatu, na mpaka leo nashikilia kwamba ilikuwa barua ya adabu. Ilianza na "Ndugu" na ikaisha na "Wako mtiifu". Hapo katikati ndipo mambo yalipoharibika kidogo.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu kwenye chuo kidogo cha milimani, upande wa kwenda Berega, na wenzangu walikuwa wamenichagua kuwa katibu wa michezo. Msichana, katibu wa timu ya mpira ya wanaume! Walinichagua kwa sababu moja tu: nina mdomo. Mwalimu wetu mmoja alisema huyu mkimtuma kudai kitu, ama atarudi nacho, ama atarudishwa na askari.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani. Pale Mikumi mitumba ilining'inia barabarani kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho, na mabasi ya watu binafsi yalishindana kupiga honi. Serikali iliyokuwa ikituuzia kila kitu, kuanzia sukari hadi khanga, ilikuwa imekaa pembeni inatazama. Hata ligi yetu ya vyuo ilipata mfadhili, mfanyabiashara mwenye duka la vipuri vya magari Mikumi. Alinunua kombe jipya, refu, lenye masikio mawili, akasema fainali ichezwe Mikumi siku ya Jumamosi ili wasafiri wa barabara kuu nao washuke waone. Jamani, tulishangilia! Kabla ya hapo mshindi alikuwa akipewa mpira na cheti.

Sasa sikia kilichotokea. Vyuo vilikuwa vitano. Wote kucheza na wote haikuwezekana, kwa kuwa lori ni la kuomba, na mvua ikinyesha mto unakata njia. Kwa hiyo kila timu ilicheza na zile ilizoweza kuzifikia, kisha kamati ya ligi inakaa mezani, inakunywa chai, inapiga kura kuchagua timu mbili za fainali. Miaka yote ilikuwa hivyo na hakuna aliyelalamika, maana kila mwaka zilipatikana mbili ambazo hazijafungwa. Mwaka ule zikawa tatu: chuo cha ufundi cha kule Mikumi, chuo cha mjini Kilosa, na sisi. Hata siku moja hatukuwa tumekutana, sisi na wao. Kamati ikanywa chai yake, ikapiga kura, tukaachwa sisi.

Nilimfuata mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyekuwa na tabia ya kuongea huku anatazama saa.

"Shikamoo mwalimu. Tumekosa nini?"

"Marahaba. Hamjakosa kitu. Mko mbali, hamna washabiki. Mfadhili anataka watu uwanjani."

"Kwani washabiki ndio wanaofunga magoli?"

"Binti, nenda kasome."

Nenda kasome! Nilitoka pale hata kwaheri sikusema.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni nahodha wetu. Alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, amekata miwa Ruhembe miaka mingi kabla hajapata nafasi ya chuo, na ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mama yake hakuwahi kumwona akicheza. Alipofika kwenye sherehe ya shule mwanawe akiwa mdogo, mvua ilinyesha na mechi ikafutwa, na tangu hapo tena haikutokea nafasi. Mikumi si mbali na kwao. Nahodha alikuwa ameshamwandikia mama yake kwamba tukiingia fainali aje, atamlipia nauli ya basi. Nilipompa habari kwamba tumeachwa alikwenda kuanua jezi yake. Aliikunja jezi vizuri, mikono ndani, akaiweka chini ya godoro. Afadhali angetukana. Mtu akinyamaza namna ile mimi nashindwa kabisa kuvumilia.

Chuoni bwalo liligawanyika pande mbili. Mimi nilisema serikali iingilie kati. Mkuu wa Wilaya ndiye mgeni rasmi wa fainali, ndiye atakayekabidhi kombe, basi aseme neno. Upande wa pili ukanizomea. Wakasema tumeshinda njaa kwenye foleni za serikali miaka yote, leo imetuachia mpira unataka kuirudisha? Ikianza kupanga fainali, kesho itapanga na kipa. Mmoja akapanda juu ya benchi akauliza, je, siku ikikuonea serikali yenyewe, utakwenda kushtaki kwa nani? Nikamjibu kwamba serikali inayoweza kuhesabu mbuzi wa bibi yangu na kumtoza kodi haiwezi kushindwa kuhesabu magoli. Bwalo likalipuka. Uji ulipoa siku ile na hakuna aliyejali.

Ndipo nikaandika ile barua. Chini nikaweka nakala kwa Mkuu wa Mkoa, nakala kwa Wizara, na, Mungu anisamehe, nakala kwa Ikulu. Siku tatu baadaye mimi na nahodha tukapanda lori la mahindi hadi Kilosa kufuata majibu.

Mkuu wa Wilaya alikuwa Mnyamwezi, mnene, mcheshi, na hakuficha Unyamwezi wake hata siku moja. Barua yangu ilikuwa mezani kwake. Kombe nalo lilikuwa palepale, juu ya kabati la mafaili, likisubiri Jumamosi. Lilikuwa linang'aa hadi nahodha akaliangalia mara moja tu akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee," tukasema pamoja.

"Marahaba. Wewe ndiye unayenishtaki Ikulu?"

"Ilikuwa nakala tu, mzee."

Akacheka kidogo, kisha akawa mtu wa ofisi. "Sikiliza, binti yangu. Tumejitoa kwenye maduka. Tumejitoa kwenye mabasi. Leo unataka turudi kwa mlango wa mpira? Ligi ina kamati yake, kombe lina mwenyewe. Nikiwaamuru hawa, kesho kila aliyefungwa atakuja hapa na kurasa tatu. Serikali haiingilii. Nendeni mkapumzike."

Nahodha akaanza kuinuka. Akasema ahsante, mzee. Ahsante ya nini, sasa? Nikamtazama, nikalitazama kombe, na damu ikanipanda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Sisi ni Wakaguru, na Wakaguru na Wanyamwezi ni watani. Babu zao walipita kwetu na misafara, wakagombana na babu zetu, wakapatana, wakaachiana utani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu ukacheka. Msibani anaweza kulala kwenye kaburi mlilolichimba akagoma kutoka mpaka mmlipe chochote. Na akichukua kitu chako, huruhusiwi kumnyang'anya wala kununa. Unakikomboa. Akinuna mtu kwa utani, aibu ni yake, na watu watalisema jambo hilo mpaka wajukuu zake waoe.

Nilikuwa sijawahi kumtania mtu mwenye bendera kwenye gari lake. Lakini nilivua viatu, nikapanda kwenye kiti cha wageni, nikalishusha lile kombe, nikalikumbatia.

"Mtani," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "nimeliteka. Wanyamwezi mlitumwa kubeba pembe za ndovu za watu, leo nani kawatuma kukaa na kombe la watu?"

Nahodha alishika ukuta. Kweli, nilimwona kabisa anashika ukuta. Katibu muhtasi aliyekuwa chumba cha nje aliacha kupiga mashine.

Mkuu wa Wilaya alinitazama. Sijui ilikuwa muda gani, lakini nilikuwa nimeshafika jela na kurudi mara mbili. Halafu kitambi kikaanza kutikisika.

"Kumbe Mkaguru!" akapiga meza. "Mbona hukusema? Umekuja na shikamoo nyingi nikadhani mtu wa heshima! Babu zangu walipokuwa wanapita hapa, babu zako walikuwa wamejificha mlimani wanachungulia!"

"Hawakujificha, walipanda juu wawacheke vizuri."

"Lete kombe."

"Lipa."

"Nikupe nini? Kuku?"

"Sili kuku wako. Nataka mechi moja."

Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje na kombe mapajani, na habari zikazagaa ofisi zote. Wahasibu walikuja kuchungulia. Mzee wa ofisi ya ardhi aliacha mgogoro wa mpaka na wenye mgogoro wenyewe wakaja kuona. Mwenyekiti wa kamati aliitwa, akaja mbio, amekunja ndita, anasema huu ni wizi, aitwe askari. Mkuu wa Wilaya akatoka mlangoni.

"Umkamate mtani wangu? Ili kesho Wilaya nzima iseme Mnyamwezi kanuna? Hapana, bwana. Nimeshikwa, nalipa." Akamshika bega. "Wa Mikumi ni wenyeji wa fainali, wabaki; hawa wa mlimani na wa Kilosa wacheze wenyewe kwa wenyewe, Jumatano, hapa hapa mjini. Atakayeshinda aende fainali. Na uandike vizuri kwamba serikali haijaingilia. Huu ni utani wangu binafsi."

Mwenyekiti alitazama saa yake. Nikamkabidhi mtani wangu kombe kwa mikono miwili, na nahodha, yule yule aliyekuwa ameshika ukuta, alinibeba juujuu hadi barabarani. Alikimbia moja kwa moja posta kumpelekea mama yake simu ya maandishi.

Jumatano! Jamani, Jumatano. Chuo kizima kilishuka mlimani, wengine kwa lori, wengine kwa miguu tangu alfajiri, na wapishi wakaja na masufuria. Eti hatuna washabiki! Waliokuwa wanalima waliacha kulima. Wafanyakazi wa reli walikaa juu ya mabehewa mabovu wapate kuona. Vijana wetu walivaa viatu vya mitumba ambavyo havifanani, beki wetu wa kushoto alikuwa na cha njano na cha bluu, na wa mjini walipoingia na soksi za rangi moja hadi magotini nikaanza kuhesabu magoli tutakayofungwa.

Wakatufunga bao dakika za mwanzo kabisa. Nahodha wao, kijana mrefu mwembamba aliyecheza bila kupiga kelele, aliupiga mpira kutoka mbali na kipa wetu akausindikiza kwa macho. Mimi nilikimbia pembeni mwa uwanja nikipiga mayowe hadi mshika kibendera akanitishia kunitoa. Kipindi cha pili tukasawazisha kwa kichwa. Zikiwa zimebaki dakika chache nahodha wetu aliuchukua mpira katikati, akawapita wawili, akaanguka, akainuka nao, mimi sijui aliinukaje, akaupiga chini chini kwenye kona. Mbili moja! Niliwarukia watu nisiowajua. Nilimkumbatia hata mwenyekiti wa kamati, na nadhani alifurahi kidogo.

Fainali ya Mikumi tulifungwa, na sitaki kuizungumzia sana. Mama yake nahodha alikuwepo, amekaa mbele kabisa, amefunga khanga mpya, na kila mwanawe alipogusa mpira alisimama, hata kama alikuwa ameupoteza. Kwangu hiyo ilitosha. Nilirudi chuoni nikiimba.

Ila kuna kitu kilitokea ile Jumatano, baada ya filimbi, ambacho sikuwasimulia wenzangu. Nilikuwa nakusanya jezi pembeni, koo limekauka, nacheka peke yangu. Yule nahodha mrefu wa chuo cha mjini akaja, macho mekundu, akanipa mkono.

"Hongera, dada. Mmetufunga uwanjani, sina neno."

"Ahsante, kaka. Nanyi mlicheza."

Alibaki amesimama. "Sisi tulikuwa tumeshachaguliwa," akasema. "Nami ni mwaka wangu wa mwisho. Juzi tulikwenda kwa Mkuu wa Wilaya kuuliza kama anaweza kurudisha uamuzi wa kamati. Alitupokea vizuri tu, akatuambia serikali haiingilii."

Nikamwuliza kwao ni wapi, kabila gani. Akanitajia. Kwao mbali sana, karibu na mpaka. Nikasimama pale na jezi zenye jasho mikononi nikianza kumtafutia naye mtani wa kabila lake. Nikapita kichwani ofisi zote za wilaya, mlango kwa mlango, kuanzia kwa mkuu mwenyewe hadi kwa mlinzi wa getini, nikarudia tena, na sikumpata hata mmoja.