Luqman Anunua Pointi

Ndugu yangu Luqman hajui kukaa. Ni mpishi wa meli, miezi tisa baharini, miezi miwili mitatu nyumbani, na hiyo ya nyumbani ndiyo inayomtesa. Akirudi kwetu Timbwani, siku ya kwanza analala, ya pili anapaka geti rangi, ya tatu anaanza kuniuliza kwa nini sufuria nimezipanga vile. Wiki ya pili ikiingia ni kiguu na njia: asubuhi yuko Bofu kwa rafiki yake Munga, adhuhuri kavuka feri, alasiri yupo jikoni kwangu anafunuafunua vyungu. Mimi ni dada yake mkubwa, nina haki ya kumfukuza kwa mwiko. Sasa hivi yuko melini tena, ndiyo maana naweza kuyasema haya kwa nafasi.

Safari hii alirudi mwanzo wa Oktoba akakuta nyumba kimya. Baba yetu alifariki tarehe kumi Julai, Luqman akiwa katikati ya bahari, hakuwahi kumzika. Mama alikuwa amekaa eda. Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajifukizi udi, wala hasafiri. Mama alikuwa chumbani mwake na tasbihi yake na simu yake, na katika simu ile muda wote ilikuwa sauti ya dada yake, Bi Mwanakombo, aliyeko Maskati.

Mama mkubwa aliolewa Maskati miaka thelathini na moja iliyopita, na tangu siku aliyoondoka hawakuonana. Kwanza yalikuwa mambo ya watoto wadogo, kisha ya nauli, kisha baba akaumwa, mama akamuuguza miaka sita. Sasa moyo wa mama mkubwa umechoka na madaktari wamemkataza ndege. Kila siku husema, "Zuleikha, njoo tucheke, ningali na pumzi za kucheka." Na mama humjibu, "Nitoke eda tu, dada. Nikitoka, nakuja." Nyumbani kwetu hapakuwa na jambo jingine lililongojewa.

Luqman akalibeba jambo hilo yeye. Hakuwahi kumtia baba mchangani, na nadhani lilimkaa rohoni, akataka awafanyie wazee kitu kwa mkono wake. Basi akakumbuka pointi. Kampuni ikimpeleka melini humpandisha ndege, mara Singapuri, mara Roterdamu, na kila safari shirika la ndege humwandikia pointi kwenye kadi yake. Miaka minane alikuwa amepata elfu thelathini na nane.

"Dada, mama ataenda bure," aliniambia.

"Bure ya wapi hiyo," nikamwambia. "Hao wanaokupimia hata maji ya kunywa, wakupe tiketi bure?"

Hakunisikia. Simu haikumtoka mkononi tena. Anazunguka ua na simu, anakula na simu, anasimama mlangoni kwangu ananisomea mambo nisiyoyataka nikiwa nakaanga samaki. Kumbe tiketi ya pointi haina bei moja. Leo kiti ni pointi elfu thelathini na tano, kesho kutwa kiti hichohicho elfu hamsini. Na viti ni vichache, vikiisha vimeisha. "Ni bahati tu, dada," alikuwa akisema. "Siku wanatoa wao." Maneno hayo niliyashika.

Mwisho wa Oktoba akanijia anahema, utadhani katoka kukimbia. Amepata kiti, Ijumaa tarehe ishirini na moja Novemba, ila ni pointi elfu hamsini na mbili. Amepungukiwa na elfu kumi na nne, na shirika lenyewe linauza pointi. Elfu kumi na nne ni shilingi elfu hamsini na tano, na bei hiyo mwisho wake kesho.

"Na ukishazinunua, hulipi tena?"

"Kuna kodi na ada. Elfu kumi na nane."

"Na tiketi ya kununua kama watu wengine?"

Akatazama sakafu. "Themanini na moja."

Mimi nashona nguo za watu, hesabu sikusomea, lakini hiyo haikunishinda. Hamsini na tano na kumi na nane ni sabini na tatu. "Kwa hiyo pointi zako za miaka minane zote," nikamwambia, "zimekuokolea shilingi elfu nane. Luqman, hao watu wanakuchezea."

"Nisipozitumia mwaka huu zinafutwa, dada. Na Munga naye ananiambia hayohayo. Anasema pointi hununuliwa ukibakisha kidogo, si ukipungukiwa na robo nzima. Lakini Munga mamake yuko hapohapo Bofu, anamwona kila siku."

Akatoka hapo mlangoni mpaka kwenye karo la kuoshea vyombo, akarudi, akaenda tena. Tarehe ishirini na sita alitakiwa ajiunge na meli, na alitaka ampeleke mama uwanja wa ndege yeye mwenyewe. Usiku huohuo akazinunua.

Asubuhi tukaingia kwa mama kumpa habari. Mama akasema, "Tarehe ishirini na moja?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, babangu. Mungu akuzidishie."

Kunyamaza kule nilikuona. Eda yake ilikuwa inaisha Jumamosi tarehe kumi na tano, nikijua mimi na akijua yeye, tulikuwa tukihesabu pamoja. Lakini nikajisemea, ndege ndiyo iliyotoa siku hiyo, tufanyeje. Nikafunga mdomo wangu, mdomo ambao haujapata kufungwa kwa jambo la maana.

Jumapili ya tarehe kumi na sita, asubuhi, nikampashia mama maji akaoga. Akavaa rinda lake la kijani, nikamfukiza udi, akatoka akaketi sebuleni kwa mara ya kwanza tangu Julai. Majirani wawili watatu wakaja kumpa mkono. Alikuwa amekonda, lakini anacheka, na ameshampigia dada yake simu kumwambia ametoka.

Luqman akaingia kutoka Bofu. Akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Mama, umetoka?"

"Nimetoka, babangu. Ilitimia jana magharibi."

"Leo ni kumi na sita." Akatoa simu akaitazama. "Julai kumi mpaka Novemba kumi, ni minne. Na siku kumi. Si ni tarehe ishirini?"

"Luqman," nikamwambia, "eda haihesabiwi kwa miezi ya simu. Ni miezi ya mwandamo."

Majirani wakatazama chini. Mtu wa miaka arubaini, anafunga Ramadhani kila mwaka, anajua inavyorudi nyuma. Lakini miaka minane yote mikataba yake, mishahara yake na zamu zake zimekwenda kwa Julai na Novemba, na kichwa chake kikazoea kuhesabu hivyo.

Nikamvuta jikoni. "Kwa nini hukuuliza?"

"Nimuulize mama anatoka lini?" akasema. "Aone ninamharakisha amsahau baba?"

Wanaume wetu hawayaulizi mambo hayo, na yeye ndiye aliyekosa maziko, angeyauliza kwa uso gani. Mama naye, nilipomwuliza baadaye, aliniambia, "Mimi nilidhani ndiyo siku waliyoitoa wenye ndege. Mtu analipiwa safari, halafu achague siku?"

Pale jikoni Luqman akasema jambo jingine. Tarehe kumi na saba kulikuwa na kiti. Elfu thelathini na tano. Pointi zake zilikuwa zinatosha na nyingine zinabaki. Kabla hajanunua, Munga alimwonyesha kwa kidole, hiki hapa je, naye akamjibu hiki hakifai, mama bado atakuwa eda.

Mimi na mdomo wangu. "Basi umetoa elfu hamsini na tano," nikamwambia, "ukanunua siku nne za kuchelewa."

Wallahi natamani ningelimeza neno lile. Aliupiga ubao wa mlango kwa kiganja, akatoka.

Alipiga simu kwa wenye ndege mchana kutwa. Kiti cha tarehe kumi na saba kilikuwa kimeshakwenda. Cha tarehe kumi na nane kilikuwa cha fedha taslimu, elfu tisini na sita, na yeye fedha zilizobaki ni za karo ya shule ya wanawe. Nikamwambia nitauza cherehani moja. Mama akatusikia, akatuita wote wawili.

"Niacheni," akasema. "Nimengoja miaka thelathini na moja. Siku nne si kitu."

Lakini zilikuwa kitu. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyetulia. Luqman alilipeleka sanduku la mama dukani kupimwa mara tatu, na lilikuwa na kanga sita na kilo mbili za achari, basi. Alilifungua akalipanga upya, akalifunga, akalifungua. Mimi nilishona rinda la mteja mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Mama alikuwa akipiga simu Maskati saa zote, na kila akimaliza alitutazama kututoa wasiwasi, na hakututoa.

Jumatano baada ya alasiri ndiyo ikaja simu ya Abdulghani, mtoto wa mama mkubwa. Mamake aliinuka kitandani kwenda kutawadha, akaanguka. Kiharusi. Yu hai, lakini hasemi.

Luqman aliposikia alitoka nje akawa anazunguka nyumba. Nilimwona akipita dirisha la jikoni, kisha la mama, kisha la jikoni tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Sikumfuata. Nilimwogopa, na nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na nafsi yangu, kwa sababu siku ile mama aliponyamaza kidogo ilinipasa niseme neno moja tu, sikulisema.

Ijumaa tukampeleka. Walimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, na mhudumu wa uwanja akamsukuma, na mama akawa anageuka nyuma kutupungia mpaka mlango ukafungwa.

Jumamosi mchana tulikuwa sebuleni na wali mbele yetu, hatuli. Simu ya Luqman ikalia. Akainuka akaipokea.

"Mama, umefika? Umemwona? Amekujua?"

Nilisikia sauti ya mama vizuri, ni mtu wa kusema kwa nguvu kwenye simu. "Amenijua, babangu. Hasemi, lakini amenijua. Amenishika mkono huu hapa, hauachii."

Luqman akaketi. Aliketi kwenye kiti cha baba, akafunika macho kwa kiganja, na mabega yakamshuka. Tangu alipokuja Oktoba sikumwona akikaa hivyo.

"Nipe Samiha," mama akasema. "Nataka kumwuliza mambo ya kike."

Nikaichukua simu nikaenda nayo uani.

"Samiha, uko peke yako?"

"Abee, mama. Niko peke yangu."

"Hanijui." Akapumua. "Nimemtajia jina la mamaetu. Nimemwambia mimi Zuleikha. Ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Abdulghani anasema mpaka Jumanne alikuwa akinitaja mimi, akiuliza ni leo au kesho."

Nikageuka kuutazama mlango wa sebule.

"Usimwambie nduguyo," akasema. "Umenisikia? Na huo mdomo wako. Ataingia melini Jumatano, na habari hii asiingie nayo."

"Nimesikia, mama."

Nilinawa uso kwenye bomba, nikangoja mpaka nikaweza kupumua, nikarudi ndani. Luqman alikuwa anakula. Alikuwa amelivuta sinia karibu, anakula kwa haraka kama aliyefunga.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema mkono bado hajauachia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akatafuna. "Basi zile pointi zilikuwa na faida, dada."

"Zilikuwa na faida," nikamwambia, nikamwongeza wali.