Siku Mama Alipoinuliwa Mkekani

Nikisikia mtu akisema kaka yangu alilewa raha za Ulaya akatusahau, damu inanichemka. "Mwacha asili ni mtumwa," wananiambia, tena wamekaa kwenye viti vyangu, wanakunywa chai yangu. Washenzi wakubwa! Watumwa niliwaona kwa macho yangu, na kaka hakuwamo.

Alikuja Lubumbashi kwa ajili ya msiba wa baba. Alikuwa amemaliza masomo ya uhandisi Ubelgiji, na kampuni ya shaba ilikuwa imemwahidi kazi. Alikuja kukaa. Vitabu vyake vyote alikuja navyo, na mama, pamoja na machozi yake, alivionyesha kwa kila aliyeingia kutoa pole.

Kwetu mjane hukaa chini, juu ya mkeka. Haogi, hasuki nywele, hatoki uani mpaka ndugu za mume wamwoshe. Anayemwinua kabla ya hapo amemtukana marehemu, na hakuna asiyelijua hilo.

Asubuhi moja akaingia mkuu wa chama wa mtaa wetu, yule yule aliyekula bukari, ugali wetu wa msiba, jana yake, akawatupia wanawake vitenge vyenye sura ya Rais. Mkubwa fulani alikuwa anatua uwanja wa ndege wa Luano, na tulitakiwa tukamchezee njiani.

"Na weye, mama. Simama."

"Mama iko mu kilio," kaka akasema.

"Kilio itangoya. Mukubwa hangoyake muntu."

Kaka akawageukia baba zetu wadogo, ndugu za marehemu, ambao neno lao tu lingetosha. Wote walikuwa na kazi katika mgodi wa serikali. Walitazama vidole vya miguu yao. Mama akasimama mwenyewe.

Alicheza kwenye vumbi la barabara ya Luano, nywele timtim, akiimba sifa za mtu asiyemjua. Nilicheza kando yake. Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Tuliporudi alikaa kwenye kiti, kwa kuwa mkeka haukuwa na maana tena. Akamwita kaka.

"Mutoto yangu, rudia Bulaya. Sitaki bakuchezeshe na weye. Na siku nitakufwa, usikuye."

Akaenda. Mama alipofariki, kaka alitii. Nilimzika pamoja na wale wale baba wadogo, nao wakauliza kwa sauti, mbele ya kaburi, ni mtoto gani huyu asiyekuja kumzika mama yake.