Miguu Niliyoificha Nyansiongo

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Nyansiongo, mwaka ule niliobatizwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikiyapaka vidoleni kila asubuhi nyuma ya zizi kabla mtu hajaamka, kwa sababu nilikuwa na funza, watatu mguu wa kulia na mmoja kwenye kisigino cha kushoto. Mwingine angesema ni jambo dogo. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi shuleni. Ndimi niliyepita mstarini kila Jumatatu nikiwatoa nje wenye funza, na kuna msichana mmoja, Kemunto, niliyemcheka mbele ya darasa zima mpaka akakaa nyumbani wiki nzima. Isitoshe, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Niliona afadhali nife kuliko kumwambia mama anitoe funza.

Basi ikakaribia Sabato ya Meza ya Bwana, ya kwanza kwangu tangu nibatizwe. Kwetu Waadventista, watu hutawadhana miguu kabla ya kula mkate, wawili wawili, wanawake upande wao na wanaume upande wao, kisha huombeana. Kumwosha mtu sikuona taabu. Nilijiona hata nitapendeza nikipiga magoti. Kuoshwa ndiko kulikoninyima raha. Wiki nzima sikutulia. Nilijichokonoa kwa pini mpaka vidole vikavimba, nikamwomba Mungu alete mvua kubwa ibada ivunjike, na jua lilipowaka nikamkasirikia. Kutoshiriki nisingeweza: binti wa mzee wa kanisa akibaki kwenye benchi, kila mtu atajiuliza ametenda dhambi gani.

Ijumaa nikapata akili, au nilidhani ni akili. Magokoro Moraa, yaani Bibi Moraa, kizee jirani yetu, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akitembea kwa kushika bega la mtu. Nikasema, huyo ndiye atakayeniosha. Siku yenyewe, watu walipoambiwa watafutane, nilikimbia kumshika mkono kabla mama hajamfikia, na akina mama wakanisifu kwa kuwajali wazee. Nilimwosha kwanza, haraka haraka. Kisha nikatia miguu yangu kwenye karai nikijua nimeshanusurika. Vidole vyake sikuvifikiria kabisa. Mwanamke aliyechuma majani chai na kukamua ng'ombe maisha yake yote! Kidole gumba kikapita, kikasimama, kikarudi.

"Mwanangu, hawa wamekaa siku ngapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nitawatoa mwenyewe, Magokoro."

"Umeshajaribu mwenyewe. Ona ulivyojichimba."

Nikavuta mguu, hakuuachia. Wenzetu walikuwa wakiombeana baraka. Yeye aliinamisha kichwa juu ya karai akasema, "Baba Nyasae, Mungu wetu, huyu mtoto amezoea kuwa na nguvu. Mwondolee hizo, umpe zako." Nililia, kwanza kwa aibu, halafu kwa kuchoka. Jioni nikamwambia mama. Jumapili akanitoa funza wote uani, mchana kweupe, wapita njia wakitazama. Jumatatu nilimwomba Kemunto msamaha. Alinipa mgongo, akaenda zake, na sikuweza kumlaumu.

Siku hizi kanisa letu lina sakafu ya saruji na mabeseni ya plastiki yenye maji vuguvugu. Tunakuja na miguu tuliyokwisha kuisugua nyumbani na kuipaka mafuta, tunaoshana usafi wetu, tunakumbatiana, tunarudi kuketi. Mimi ndiye hodari wao. Nimestaafu ualimu, na watu husema mwalimu yule hasumbui mtu. Lakini nina kidonda cha kisukari kwenye unyayo, mwezi wa pili sasa, na sijamwonyesha mtu, hata binti yangu ninayelala naye nyumba moja. Magokoro alizikwa zamani. Nimechoka kujifanya mzima. Sabato hii tunatawadhana tena, na tangu asubuhi ninamwomba Mungu kitu kimoja tu: nguvu za kuvua soksi.