Foleni ya Kwaya

Baba yangu ni mtunzi wa muziki. Ukisema hivyo Kariakoo, mtu anakuuliza papo hapo: bendi gani? Hakuna bendi. Anapiga gitaa? Hapigi. Sasa anapiga nini? Hapigi kitu, anapunga mikono, wengine ndio wanaimba. Hapo mtu anakutazama kwa huruma, kisha anakuuliza habari za mama.

Muziki wake ni ule wa kuandikwa kwenye karatasi, sauti nne, watu wamesimama wima kama nguzo za simu, na hakuna anayecheza. Aliupenda tangu mtoto huko kusini, kwenye kinanda cha wamisheni. Baadaye serikali ikampeleka Ulaya ya mashariki akausomee, miaka kadhaa kwenye baridi. Akarudi na koti zito ambalo mpaka leo linaning'inia nyuma ya mlango, mende ndio wanalivaa. Nchi ikampa kazi: kutunga nyimbo za kupokea wageni. Mgeni akija kuona mradi wa nguruwe, Baba anatunga. Kiwanda cha kubangua korosho kikifunguliwa, Baba anatunga. Mimi nimewaimbia nguruwe sifa zao kwa sauti ya pili, na sidhani kama nitapanda juu zaidi ya hapo maishani.

Waimbaji wake ni wafanyakazi: makuli wa bandarini, mafundi wa reli kutoka mtaa wa Gerezani, akina mama wa kiwanda cha nguo. Na wasichana wachache wa shule kama mimi, tuliochukuliwa kwa sababu hatuna pa kukimbilia. Watu wanakuja mazoezini wamechoka mpaka wanaimba wameegemea ukuta. Baba naye amechoka. Nikisema amechoka sizungumzii usingizi. Nazungumzia mtu anayeinama kufunga kamba za viatu, halafu mkono unasimama njiani, kama amesahau viatu ni vya kwenda wapi.

Lakini alikuwa na kazi moja ya kwake mwenyewe. Bibi, mama yake, alifariki Baba akiwa huko kwenye theluji, na habari zikamfikia kaburi limeshaota nyasi. Tangu arudi alikuwa anamwandikia muziki, nusu saa nzima, usio na mgeni wala nguruwe ndani yake. Unaanza na kilio, unamalizika asubuhi ya kuanua matanga, watu wanafagia uwanja. Tuliufanyia mazoezi mpaka nikawa naufagia huo uwanja ndotoni.

Mwaka jana ofisi ya utamaduni ikakubali uimbwe mara moja, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja karibu na soko. Afisa alimwambia Baba bila kuzunguka: "Ndugu, wananchi wakijaa, nitawaambia watu wa redio waje kurekodi. Ukumbi ukiwa mtupu kama mara ile, tusisumbuane tena. Ubaki na nyimbo za wageni." Mara ile walikuja watu watatu, na mmoja ndiye aliyekuwa na funguo za ukumbi.

Jumamosi ikafika, ukumbi mtupu. Viti vinatutazama. Baba akatutoa nje tujipange ukutani mstari mmoja, maana mlango ni mwembamba na yeye anataka tuingie kwa mpangilio: sauti ya kwanza mbele, besi nyuma. Na marufuku kusema, tusichoshe koo. Tukasimama juani kimya, kila mtu na kikapu chake, kwani siku hizi za uhaba nani anatoka nyumbani bila kikapu? Huwezi kujua njiani utakutana na sabuni.

Akapita mama mmoja mnene, kanga ameifunga kiunoni. Akatuangalia. Akauangalia mlango. Akaenda kusimama nyuma ya besi wa mwisho, kuli mmoja mrefu.

"Kaka, wanatoa nini?"

Kuli akanyamaza, kama alivyoamriwa. Kumbe hapo ndipo alipoharibu. Foleni inayogombana ni ya dagaa. Foleni iliyonyamaza ni ya sukari.

Nikachomoka mstarini nikamfuata. "Shikamoo, mama. Hii ni kwaya."

"Marahaba. Kwaya ya nini?"

"Ya kuimba."

"Mwanangu, nimezaa wakubwa kuliko wewe. Nani anapanga foleni ya kuimba?" Akamgeukia mzee mwenye baiskeli aliyekuwa ameshasimama nyuma yake. "Haka kametumwa katufukuze."

"Basi mali ipo," mzee akasema, akaegemeza baiskeli ukutani.

Nikaapa. Mstari ukarefuka. Nikaapa kwa Mungu, mstari ukakunja kona. Shuleni nasema uongo kila siku na naaminiwa. Siku niliyosema kweli ndiyo hiyo.

Afisa wa utamaduni akafika na gari la ofisi, akauona umati, akashuka akitabasamu. Halafu nikamsikia akimnong'oneza dereva arudi nyumbani mbio akamletee kikapu.

Baba akafungua mlango. Akawatazama wote mpaka kule konani. Akatupungia mkono, tukaingia, nao wakaingia nyuma yetu, wakajaa mpaka madirishani.

Tukaimba. Hakuna aliyekohoa. Walishazoea: hakuna kinachogawiwa nchi hii kabla ya wimbo na hotuba, kwa hiyo walikaa na vikapu mapajani wakisubiri wimbo upite. Wimbo haukupita. Kilio kikaisha, mazishi yakaanza. Besi walikuwa wametoka kupakua meli usiku kucha. Waliimba chini kabisa, kama watu wanaobeba kitu kizito kwa uangalifu, na mimi niliyezoea kuwaiga kwa mzaha nikakosa cha kuiga. Yule mama wa kanga alikaa mstari wa mbele. Kidevu chake kikashuka kifuani taratibu.

Tulipomaliza kufagia uwanja, Baba akageuka, akainama mbele ya watu kama alivyofundishwa huko kwenye baridi. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanatazama mlango wa stoo nyuma yetu.

"Mwalimu," mzee wa baiskeli akauliza kwa adabu, "mnaanzia mbele au nyuma?"

"Hakuna kitu, mzee wangu. Ni hiyo tu."

"Hata sabuni?"

"Hata sabuni."

Ukumbi ukanguruma. "Hata msibani wanatoa chai!" mmoja akapaza sauti. Wakatoka wakisukumana. Yule mama alibaki kitini, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Nisamehe, mwalimu, nimelala. Pale wanaume walipokuwa wanamshusha." Akainuka. "Walimshusha vizuri." Akachukua kikapu chake, akaondoka.

Afisa akampa Baba mkono. Wananchi wamejitokeza, ameona kwa macho yake, watu wa redio watakuja. Ila muziki ufupishwe, na mwishoni uongezwe ubeti wa kuushukuru uongozi. Baba akasema, "Nitaangalia." Ndilo jibu ninalopewa nikiomba viatu vipya.

Usafiri haukupatikana, tukarudi nyumbani Buguruni kwa miguu. Sikuweza kunyamaza.

"Baba, wale watu walifikiri kuna sukari."

"Najua, mama. Niliviona vikapu."

"Sasa mbona ulianza?"

Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ningewapata wapi tena?"

Tulipofika relini akaniambia sauti ya pili tulichelewa kuingia kwenye mazishi, turudie Jumatatu. Nikamkumbusha Jumatatu kuna wageni uwanja wa ndege.

"Basi Jumanne," akasema.