Baiskeli Isiyo na Keria

Hapa Lindi ninapoishi sasa, kila asubuhi hupita mchuuzi mmoja wa samaki kwa baiskeli. Ana honi ya mpira, ile ya kubinya, na akiibinya mbele ya nyumba yangu kwanza hunifikia sauti, kisha harufu: samaki wabichi, gunia lililoloa, na grisi ya mnyororo. Majirani hutoka na mabakuli yao. Mimi humtuma binti yangu. Mume wangu nimemwambia kwamba sipendi kubishana bei, naye ameamini, maskini. Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliitwa Shabani, na tuliishi Kiswere, yeye, mama na mimi kitinda mimba, dada zangu wawili wakiwa wameshaolewa. Alfajiri alishuka pwani kununua vibua na changu, akawapanga kwenye tenga, akawafunika kwa gunia lililoloa, na kulifunga tenga kwenye keria ya baiskeli yake nyeusi. Kisha alianza safari ya Kiranjeranje kwa wakulima, watu wenye mahindi na ufuta lakini bahari wanaisikia kwa jina tu. Baiskeli ile ilikuwa nzito kama mlango wa msikiti. Kengele yake ilikufa kabla sijazaliwa, na breki ya nyuma ilikuwa ndala ya baba mwenyewe.

Biashara ile ilikuwa ya kuwahi. Mchuuzi wa kwanza kupiga honi kijijini aliuza kwa bei anayotaka. Wa pili aliuza kwa kubembeleza. Wa tatu alirudi na samaki wake, wakapakwa chumvi nyumbani. Hata hivyo kulikuwa na desturi moja ambayo wachuuzi wote waliishika: ukimkuta mwenzako ametua tenga njiani, humpiti. Unasimama, unauliza kuna nini, na huondoki mpaka yeye mwenyewe akuruhusu. "Pancha ya mmoja ni ya wote," baba alikuwa akisema, na mara nyingi nilimsikia akirudi amechelewa, hakuuza kitu, kwa sababu mtu fulani alipasukiwa tairi.

Kisha zikaja pikipiki. Wa kwanza kununua alikuwa Saidi, kijana wa jirani yetu, ambaye baba ndiye aliyemfundisha kumjua samaki kwa kumtazama macho. Saidi alifunga deli la barafu nyuma ya pikipiki yake na kila asubuhi alimpita baba kwenye njia ya mchanga akipiga kelele, "Mzee, kaza!" Hakuwa na ubaya. Baba naye alimjibu, "Tangulia mwanangu, samaki wako wana haraka!" Tulicheka alipotusimulia. Lakini zilipofika pikipiki tatu, baba akawa mchuuzi wa nne katika biashara isiyokuwa na nafasi ya nne. Tulikula vibua vya chumvi asubuhi na jioni, mpaka nikaona aibu kunuka mbele ya wenzangu darasani.

Likizo ya mwezi wa sita baba alikwenda Lindi kununua tairi la nyuma, nami nikamsindikiza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Duka la vipuri lilikuwa la Mzee Gulam, Mhindi ambaye hata babu yake alizaliwa Lindi, na ambaye alijua kutukana kwa Kimwera. Humo ndani, juu ya vichwa vyetu, ilikuwa imening'inizwa baiskeli nyekundu ya resi, ya mtumba kutoka Ulaya. Usukani wake ulijikunja kama pembe za kondoo na tairi zake zilikuwa nyembamba kama kidole gumba changu. Kwenye kipande cha boksi iliandikwa bei, ikakatwa, ikaandikwa nyingine, nayo ikakatwa.

"Nimepunguza mara mbili, Bwana Shabani," alisema Mzee Gulam alipoona baba ameinua shingo. "Leo napunguza ya tatu, kwa ajili yako. Niletee ile nyeusi, ongeza kidogo, ondoka nayo. Lakini baadaye sitaki lawama. Haina keria, na keria haifungiki. Nimejaribu mimi mwenyewe."

"Nitabeba mgongoni," baba akasema. "Nusu tenga. Lakini nitafika wa kwanza."

"Samaki mgongoni? Utanuka mpaka Iddi!"

Walicheka wote wawili. Kisha ikateremshwa, na baba akapewa aijaribu kwenye lami mbele ya duka. Alikunja suruali, akapanda, akayumba kidogo kama mlevi, halafu akaenda. Naapa sikuwahi kumwona mtu akienda vile. Mwili wake, ambao mimi niliujua ukiwa umeinama, ukisukuma, ukitoa jasho, ulikuwa mwepesi ghafla. Alikata kona ya mwisho wa mtaa akapotea, na tulichobaki nacho ni ule mlio wa gurudumu la nyuma, tikitikitiki, nao ukaisha. Aliporudi alikuwa anacheka mdomo wazi, na nikaona jino la pembeni ambalo sikujua kwamba limeng'oka.

Watu waliokuwa dukani walimshangilia. Mimi nilitaka kulia. Nilikuwa nimeitazama baiskeli ile kutoka mbele mpaka nyuma nikaona kwamba haikuwa na mahali pangu.

Inabidi niwaeleze habari za Ijumaa. Siku hiyo baba hakufanya biashara. Asubuhi aliisugua keria kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka harufu ikapungua, na baada ya sala alinipakia tukaenda kumsalimia bibi, mama yake, kitongoji cha pili. Mama alinikunjia khanga kuukuu iwe mto wa kukalia. Siku nyingine zote baba aliondoka kabla sijaamka, na mara nyingi alirudi akiwa hana hata neno la kusema. Ijumaa nilishika kiuno chake kwa mikono miwili, na aliongea njia nzima. Khanga ile aliifunga chini ya tandiko la baiskeli wiki nzima, ili Ijumaa tusiitafute. Mimi nilikuwa na baba siku moja kwa wiki, na siku hiyo ilikaa kwenye keria.

Mzee Gulam aliahidi kumwekea baiskeli mpaka Jumatatu. Mama alitaka ichukuliwe. "Ukikaa na hilo chuma lako watakuzika nalo," alimwambia baba, kwa hasira ya mtu aliyechoka kupaka samaki chumvi. Bibi yeye, tulipokwenda Ijumaa ile, alisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, akaendelea kupepeta mchele wake.

Tulipokuwa tunarudi, baba alishuka kwenye mchanga akaanza kusukuma, mimi nikiwa nimekaa juu. Mahali pale zamani alikuwa akipita bila kushuka. Alisimama, akaweka kiganja kifuani, akapumua kwa mdomo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na mashati ya watu waliotoka shamba yalikuwa yameloa migongoni. Akauliza bila kugeuka, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeiona ile baiskeli. Mama yako hakuiona. Unaonaje, niichukue?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza unaonaje. Nilifikiri haraka, na nilijua kwamba sababu yangu ya kweli ni ya kitoto. Kwa hiyo nikatafuta ya kikubwa.

"Tairi zake nyembamba, baba. Zitazama kwenye mchanga huu huu."

Aliyatazama magurudumu ya baiskeli nyeusi, yalivyokuwa yamezama kidogo licha ya unene wake.

"Miguu hii, mwanangu," akaanza, halafu akaacha. Nilisubiri amalizie. Badala yake akasema, "Umesema kweli. Una akili kuliko mimi. Basi, tutaendelea na hii hii."

Nilifurahi, nawaambieni. Nilikaa juu ya khanga yangu nikiwa nimejaa ushindi, huku baba akisukuma.

Baada ya hapo nilipata Ijumaa nne.

Kabla ya kufika Kiranjeranje kuna kilima ambacho wachuuzi walikibatiza Shuka Usukume. Jumatano moja, Saidi na wenzake wawili walikuta baiskeli nyeusi imelazwa pembeni ya kilima hicho, tenga lipo chini, na baba amekaa ameliegemea. Walisimama wote watatu. Saidi aliuliza kuna nini. Baba alimwambia apite, samaki wataharibika, na Saidi alisema hapiti. Baba akamwambia tena apite. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho: alikuwa anatoa ruhusa.

Saidi alimwaga barafu yake na samaki wake wote pembeni ya njia, akafungua deli akalitupa, ili baba apate kukaa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Zahanati walisema moyo. Walisema pia kwamba alikuwa amefika akiwa ameshatangulia. Siku ile Kiranjeranje hawakula samaki, kwa sababu hakuna mchuuzi hata mmoja aliyeendelea na safari.

Saidi alirudi kwetu saa tisa mchana kwa miguu, pikipiki ameiachia wenzake, anaikokota baiskeli ya baba. Hakuipanda, njia nzima. Alisimama mlangoni akashindwa hata kupiga hodi, na mama, aliyekuwa anakuna nazi, alimtazama, akaitazama baiskeli, akaiweka nazi chini taratibu. "Shikamoo mama," Saidi akasema, na mama akaitikia marahaba, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea. Kisha ndipo akapiga yowe. Khanga yangu akina Saidi waliikuta chini ya tandiko, wakamwekea baba chini ya kichwa kule kilimani. Nilirudishiwa ikiwa na mchanga.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimuua baba kwa ajili ya kiti. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwambia Saidi yote. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. Tairi zile, alisema, zisingefika hata hatua ishirini kwenye mchanga wa kwetu, na samaki mgongoni kwa mtu wa umri ule ni kujichimbia kaburi mapema zaidi. "Ulisema kweli, mdogo wangu," akaniambia. Alitaka kunipunguzia mzigo, na kwa muda ilinisaidia.

Sasa nimezaa, na mwili wangu nao umeanza kunidai. Juzi nilijisikia mwenyewe nikimwuliza binti yangu kama tununue mashine ya kufulia, na katikati ya swali nikajikuta nimekaa kitandani, nimekamata kingo. Sikuwa nauliza habari za mashine. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia kwamba nimechoka, na nyumbani hapakuwa na mwingine ambaye nisingemwonea aibu.

Baba alijua mchanga wa Kiswere kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameupita miaka ishirini, hakuhitaji mtoto wa miaka kumi na mmoja amweleze habari zake. Alisimama pale na kiganja kifuani, akaanza kuniambia, "Miguu hii, mwanangu." Mimi nilikuwa nimekaa juu, naye ananisukuma. Ningeshuka tu.