Mafuta ya Ufuta kwenye Bampa

Nilinunua gari langu la kwanza miaka ya tisini, magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kuonekana hata kwetu Awendo, ambako hadi hapo mwenye gari alikuwa ama mkubwa wa kiwanda cha sukari ama mtu wa kuogopwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, tena sina mume wa kusingiziwa kwamba ndiye aliyelinunua. Lilikuwa gari dogo, jeupe, injini yake haina neno. Ila plastiki zote za nje, zile zinazotakiwa kuwa nyeusi, yaani bampa ya mbele na ya nyuma, vitasa, vioo vya pembeni na ule mkanda unaopita milangoni, zilikuwa zimechomwa na jua mpaka zikawa kijivu chenye mabaka. Mimi hata sikuliona hilo. Mwenye gari jipya haoni kitu.

Aliyeona ni mama. Nilifika nyumbani nikipiga honi tangu kwa jirani, na yeye akatoka jikoni akifuta mikono, akalizunguka gari, kisha akainama mbele ya bampa na kuikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukaacha mstari mweupe.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, kama alivyoniita nikiwa mtoto wake mdogo, "hii gari imepauka."

"Mama, hiyo ni plastiki."

"Imepauka. Haijawahi pakwa mafuta hata siku moja. Mimi siwezi enda nayo kwetu."

Nikajua kitumbua changu kimeingia mchanga.

Kwao mama ni Sindo, kando ya ziwa. Nilipokuwa mtoto tulikwenda huko kwa mazishi ya nyanya yangu, tumepanda nyuma ya lori, na barabara ya changarawe ikatumwagia vumbi lake lote. Tuliposhuka, dada yake mama, ambaye kwangu ni mama mkubwa, alitutazama magoti na kusema mbele ya waombolezaji, "Hawa watoto wamepauka hivi, kwani huko kwa miwa hakuna mafuta?" Watu walicheka, msiba ni msiba lakini walicheka. Mama alimzika mama yake, akatukusanya, akaondoka bila kula. Hakurudi tena.

Siku za karibuni mama mkubwa alikuwa akituma maneno kwa akina mama wa omena, wale wauza dagaa wa ziwani, waliokuja soko la Awendo: mwambieni aje. Mama alijibu vilevile kila mara, kwamba atakwenda akipata chombo cha kumpeleka. Ukweli ni kwamba gari nililinunua kwa ajili ya safari hiyo. Wote wawili walikuwa wamezeeka, na niliogopa, niliogopa kwelikweli, kwamba mmoja angezikwa kabla hawajasemezana.

Basi nikaanza kuhangaika na plastiki. Jirani yetu, dereva wa trekta la miwa, aliniambia nipake oili chafu. Nikapaka. Bampa ikameremeta asubuhi nzima, na nilipotoka shule jioni ilikuwa imevaa vumbi na masizi ya miwa iliyochomwa, kama andazi lililovingirishwa kwenye unga. Sketi yangu ya kazini nayo ikaenda na maji. Nikahamia rangi ya viatu, nikasugua kwa brashi mpaka mkono ukafa ganzi. Ilipendeza sana hadi nilipofika Rongo mvua ikaninyeshea, na weusi wote ukateremka milangoni kwa michirizi. Dereva wa trekta aliponiona narudi, alisimama barabarani akavua kofia.

"Pole mwalimu. Gari imefiwa na nani?"

Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliingia nyumbani nikamwambia mama kwamba nimechoka, kwamba ile ni plastiki na wala si mtoto wangu, apande hivyo hivyo au aende Sindo kwa miguu. Mama alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua uso.

"Wewe nilikuwa nakupaka mafuta kabla uoge?" akauliza.

"La."

"Nilikuwa nangoja ukauke, upate baridi, ndiyo nipake?"

"La."

"Sasa hiyo gari unaipaka tu juu ya uchafu na baridi, halafu unanipigia kelele."

Kesho yake alfajiri alinitoa nje na ndoo. Tulisugua plastiki zote kwa sabuni ya kipande, pembe na mifereji tukaichokoa kwa mswaki mkuukuu, mpaka oili na rangi ya viatu vikaisha. Tukaliacha gari juani hadi saa sita. Kisha mama akaleta pasi ya makaa, akaipuliza, akawa anaipitisha mbele ya bampa bila kuigusisha, imebaki nafasi ya kidole tu. Nilikuwa nyuma yake nikiguna kwamba ataiyeyusha. Hakuyeyusha kitu. Alipopita, weusi ulianza kupanda wenyewe kutoka ndani, taratibu, na ule ukijivu ukarudi nyuma. Nilisahau kuguna.

Plastiki ikiwa bado ya moto, akamimina mafuta ya ufuta kiganjani, yale aliyoyakamua mwenyewe na ambayo mimi siruhusiwi hata kukaangia mboga, akaipaka bampa kwa mizunguko, akiikandamiza. Ndivyo alivyotupaka magoti kila Jumapili kabla ya kanisa. Akafuta yaliyozidi kwa kitambaa, akasogea kwenye kioo, akafanya vilevile, na nikamsikia akiliambia gari, "Simama vizuri." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini plastiki ilikuwa nyeusi tititi, na mama alikuwa mwenye raha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake kwa muda mrefu.

Siku ya safari tulivaa vizuri kama watu wa harusi. Homa Bay tulisimama kwenye kituo cha mafuta, si kwa kuweka petroli, bali mama alitaka kushuka alitazame gari. Kijana wa pampu akauliza tumepaka dawa gani. Mama akamwambia akamuulize mama yake. Akarudi kitini anatabasamu, mkoba magotini.

Baada ya hapo lami ikakatika.

Tulifunga vioo, tukatota jasho. Lori la samaki likatupita, na lingine, na nilipoona jinsi vumbi lilivyotanda mbele nilianza kusali kimoyomoyo. Tulipoingia kwenye boma la mama mkubwa huko Sindo, nilishuka upesi nikaenda mbele kuangalia. Gari zima lilikuwa rangi ya udongo, ila vumbi lilikuwa limeshika zaidi palepale tulipopaka mafuta, likaganda nene. Nilitaka kulipiga teke. Mama hakushuka.

"Geuza," akasema kupitia kioo.

"Mama, tumefika."

"Geuza gari."

Ndipo mama mkubwa alipotoka nyumbani. Alikuja polepole mno, mkono mmoja ukipapasa ua wa minyaa. "Hiyo ni gari ya nani?" akaita. Uso wake haukuelekea kwetu, ulielekea banda la kuku.

Mama alielewa kabla yangu. Mlango wa gari ulifunguka, akaenda moja kwa moja, akamshika mkono.

"Nyaminwa, dada yangu, ni mimi."

Dada yake alimpapasa mabega, shingo, kilemba.

"Macho yako imekuwa nini?" mama akauliza.

"Imeisha polepole. Sahii naona mwangaza tu."

"Na hukuniambia?"

"Nilisema uje."

Mama alilia kwa sauti, na mimi nikalia nimeegemea gari, sina hata leso ya kujifutia. Kisha mama mkubwa akanyoosha shingo upande wangu.

"Imekuleta ni gari? Ni ya huyu mtoto? Iko namna gani?"

Mama aliangalia gari. Akaniangalia mimi, nisiseme neno.

"Ni nyeupe," akasema. "Na hapa chini ni nyeusi tititi. Inang'aa."

Mama mkubwa akasogea, mkono mbele, hadi akaigusa bampa. Akaipitishia vidole toka mwisho huu hadi mwisho ule. Alipouinua mkono, vumbi lilikuwa limejaa kwenye vidole vyote, na akalisaga kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Kweli," akasema. "Inang'aa sana." Akajifutia vidole kwenye leso aliyojifunga, upande wa ndani usioonekana.