Sauti ya Juu ya Ferista

Kila siku ya Mungu, saa saba mchana ikikaribia, Ferista hufuta mikono kwenye kitenge, hupanda juu ya kreti la soda na kupunguza sauti ya televisheni mpaka isisikike. Rimoti ilipotea zamani. Husubiri hapo juu, mgongo kwa wateja, mpaka watu wanaocheza na chupa waondoke kwenye kioo. Kisha huirudisha sauti, na taarifa ya habari huanza.

"Bamayo, leo tena tunakula na mabubu?" humtania madereva wa Zambia wanaosubiri malori yao yavuke mpaka, wakimwita mama kwa lugha yao. "Tangazo lenyewe tamu!"

"Kula ugali, unapoa."

Hakuna aliyejua kwamba katika wimbo ule wa tangazo la bia, ile sauti ya juu inayopanda pale chupa inapofunguliwa ni ya mama lishe wao. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanakwaya wa kanisa la kijijini Itaka, jamaa mmoja wa studio alipokuja kutafuta wasichana wa kuitikia. Mjini Mbeya waliimba tangu asubuhi. Makoo yalipokauka, jamaa akawagawia bia yenyewe, eti iyalainishe. Ilikuwa chupa ya kwanza ya Ferista. Zilizofuata zilikula kwaya, zikala ndoa, na mwanawe Brayan akaenda kulelewa na bibi yake. Picha za tangazo zilibadilishwa mara tatu. Wimbo ulibaki ule ule.

Sasa, mwaka 2013, ana siku mia mbili na kumi na mbili hajaonja. Hazimfurahishi wala hazimhuzunishi. Zimepita tu, kama malori.

Kila Alhamisi saa kumi hukaa kwenye vibenchi vya chekechea, mtaa wa Chapwa, na wenzake saba wanaosaidiana kuacha pombe. Alhamisi hiyo Mzee Sadock, kiongozi wao, alitaka wimbo wa kufungulia kikao.

"Tenzi hapana. Shani ni Mwislamu, tusimwonee."

"Na kaswida ninyi hamtaziweza," Shani akajibu, watu wakacheka.

Yonasi, fundi baiskeli, akapiga kofi. "Tuchukue ule wa tangazo la bia! Kila mtu anaujua. Tunabadili maneno tu."

"Yonasi, umetumwa na shetani?"

"Mzee, wamekula pesa zetu miaka yote. Na sisi tuwalie wimbo wao."

Wakaanza: leo sijaonja, leo sijaonja. Walipofika pale panapopanda, wote wakakwama, wakarudia, wakakwama tena. Ferista aliinamisha kichwa. Tangu siku ya studio hakuwahi kuitoa sauti ile bila chupa kufuata. Akazifikiria siku zake mia mbili na kumi na mbili, na namna zinavyoweza kurudi kuwa sifuri. Wakarudia mara ya tatu, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

Sauti ikapanda, safi. Wengine wakageuka kumtazama.

"Ni wewe," Shani alisema. "Wallahi, ni wewe."

Ferista akawaeleza habari za studio kwa maneno machache, kama anayemwelekeza mgeni njia ya stendi. Hakuna aliyecheka. Mzee Sadock akafunga kikao mapema.

Kesho yake, saa saba kasoro, Shani akaingia kwa Ferista na kumkuta juu ya kreti, mkono kwenye kitufe cha sauti. Akasogea karibu kama anayenusa. Ferista akainama, akampumulia usoni, ajionee mwenyewe.

"Mia mbili na kumi na tatu," Shani alisema, akashusha pumzi. "Mzee kanituma. Kasema wimbo ubaki au tuutupe, utaamua wewe." Akaitazama televisheni. "Dada, ukiuimba, hamu inakuja?"

Kwenye kioo chupa zilikuwa zikifunguliwa bila sauti. Ferista alizitazama mpaka zikaisha.

"Inakuja," alisema. "Hata nisipouimba inakuja."